Jina Lisiloitwa: Safari ya Fred VanVleet na Somo Lake kwa Walezi

Kila mwaka, majina yanapobandikwa ukutani au kusomwa kwenye simu, huwapo nyumba mbili katika mtaa mmoja. Nyumba ya kwanza hupigwa vigelegele, kwani mwana wao ameitwa chuo kikuu, au amechaguliwa kuingia timu, au amepata kazi bandarini. Nyumba ya pili hukaa kimya. Mama huingia jikoni akajifanya ana shughuli, baba hutoka kwenda barazani, na kijana mwenyewe hujifungia chumbani na simu yake. Habari za nyumba ya kwanza hatuna haja ya kuzieleza, maana furaha hujieleza. Makala haya ni kwa ajili ya nyumba ya pili.

Nimechagua kuwasimulia kisa cha mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani aitwaye Fred VanVleet. Yamkini wazazi wengi hawajapata kulisikia jina hili, ilhali watoto wao wa kiume wanalijua vyema. Mchezo wenyewe si mgeni kwetu. Watu wa Mombasa wanazijua timu za KPA, ya wanaume na ya wanawake, na kelele za ukumbi wa Makande siku za mechi. Hata asiyeujua mchezo atafaidika, kwa sababu kisa hiki kwa hakika kinahusu malezi zaidi ya mpira.

Mtoto wa Rockford

Fred VanVleet alizaliwa tarehe 25 Februari 1994 katika mji wa Rockford, jimbo la Illinois, kiasi cha kilomita 140 kutoka Chicago. Zamani Rockford ulikuwa mji wa viwanda, ukisifika kwa samani, mashine na skrubu. Viwanda vilipofungwa kimoja baada ya kingine, kazi zikaondoka, na nafasi iliyoachwa wazi ikajazwa na umaskini, madawa ya kulevya na bunduki. Hali kama hiyo haihitaji tafsiri kwa mtu wa pwani. Tunayo mitaa yetu ambayo kazi iliondoka na unga ukaingia.

Mwaka 1999, Fred akiwa na umri wa miaka 5, baba yake mzazi aliuawa kwa kupigwa risasi. Mama akabaki na wana wa kiume wawili, Fred na kaka yake mkubwa, katika mji ambao barabara zake zilikuwa tayari zimewafungulia mlango watoto wa aina yao. Mwenye kujua ulezi wa yatima anajua kwamba chakula na nguo ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili, iliyo nzito zaidi, ni kumjaza mtoto kile kilichoondoka pamoja na mzazi wake: mtu wa kumwogopa kwa heshima, na wa kumwonyesha mwanamume mzima anavyoishi siku yake.

Baada ya miaka kadhaa aliingia nyumbani mwao baba wa kambo. Alikuwa mwanajeshi wa zamani, na kazi yake wakati huo ilikuwa afisa wa polisi katika mji huohuo wa Rockford. Wale watoto hawakumpenda. Na wangempendaje? Aliyewaondokea walikuwa wakimkumbuka, na huyu aliyekuja alikuwa na amri za kambini: kitanda kitandikwe, neno lisirudiwe mara mbili, anayeanza jambo alimalize. Fred mwenyewe ameeleza mara nyingi, baada ya kuwa mtu mzima, kwamba mwanzoni yeye na kaka yake walimwona yule bwana kama adhabu.

Kabla jua halijachomoza

Yule baba wa kambo alipoona watoto wanaupenda mpira wa kikapu, hakuridhika kuwanunulia mpira akawaambia waende wakacheze. Aliwaamsha kabla ya jua kuchomoza, akawavalisha fulana zenye uzito, akawakimbiza na kuwafanyisha mazoezi ya kupiga mpira chini kwa mkono wa kulia na wa kushoto, kisha ndipo waende shule. Wenzao walikuwa wamelala. Hapakuwa na shabiki wala kamera, na hakuna aliyelipwa.

Naomba msomaji atulie hapa kidogo, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha kisa. Huyu hakuwa mtoto mwenye kimo cha ajabu. Hata alipokua hakuzidi sana futi 6, na katika mchezo ambao watu wa futi 7 si adimu, huyo ni mfupi. Hakuwa na mbio za kutisha wala hakuruka juu kama wengine. Alichokuwa nacho kilipandwa katika saa zile za alfajiri: mkono usiotetemeka, akili inayoona uwanja mzima, na moyo uliozoea kuchoka bila kulalamika. Wahenga wetu walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nasi twaongeza kwamba umwamshavyo ndivyo aamkavyo.

Upande wa mama pia usisahaulike. Mwanamke aliyefiwa, mwenye watoto wawili, anapoolewa tena huwa katikati ya mapande mawili: watoto wanaonung'unika upande mmoja, na mume anayejaribu kuwaadibisha upande wa pili. Lau angemvunja mume mbele ya watoto kila alfajiri, kazi ile isingefika mwezi. Katika miji yetu zimo nyumba nyingi za namna hii, na wengi wetu hulitamka neno “kambo” kana kwamba ni tusi. Kisa cha Rockford kinatuonyesha kwamba baba wa kambo mwenye uthabiti, na mama mwenye hekima ya kumwachia nafasi, wanaweza kumsimamisha yatima hadi akasimama mwenyewe.

Milango iliyogongwa kwa adabu

Kule Marekani, kijana anayecheza vizuri katika shule ya sekondari hutafutwa na vyuo vikuu. Makocha husafiri kumtazama, huandika barua, huwatembelea wazazi, na mwisho humpa ufadhili wa masomo ili aje awachezee. Vyuo vikubwa huanza kuwania vijana wenye sifa tangu wakiwa na miaka 15 au 16. Kwa kijana wa Rockford vyuo hivyo vikubwa havikuja. Aliisaidia shule yake ya Auburn kufika nafasi ya tatu katika jimbo zima mwaka 2012, na bado waliomwita walikuwa vyuo vya daraja la kati. Walipomtazama waliona kimo chake kwanza, na wengi hawakungoja kuona zaidi.

Akachagua Chuo Kikuu cha Wichita State, jimbo la Kansas, mahali ambapo vijana wenye ndoto za umaarufu hawakupapigania. Mwaka wake wa kwanza, msimu wa 2012 hadi 2013, hakuwa katika wanaoanza mechi. Lakini chuo kile kilipokutana na Gonzaga, timu iliyopewa daraja la kwanza katika mashindano makuu ya vyuo, mpira ulifika mikononi mwa huyu kijana mgeni zikiwa zimesalia dakika mbili hazijatimu, akatupa kutoka mbali, ukaingia. Wichita State ikaendelea hadi ikawa moja ya timu nne za mwisho, ikatolewa na Louisville kwa pointi 72 kwa 68.

Msimu uliofuata, yeye akiwa ndiye kiongozi wa uwanjani, walishinda mechi 35 mfululizo bila kupoteza hata moja. Katika mechi ya 36 walikutana na Kentucky, chuo kilichojaa vijana waliowaniwa na nchi nzima. Zikabaki sekunde chache, Wichita State wako nyuma kwa pointi 2. Mpira wa mwisho ulikuwa wa Fred. Akatupa. Haukuingia. 78 kwa 76, msimu ukaishia pale.

Wapo waliodhani jeraha kama lile lingemvunja. Alirejea chuoni, akacheza miaka mingine miwili, akatangazwa mara mbili kuwa mchezaji bora wa kundi la vyuo vyao, mwaka 2014 na mwaka 2016, na akahitimu shahada yake. Hilo la shahada waandishi wa michezo hulipita haraka, nami sitaki kulipita. Wako vijana wengi hodari waliokiacha chuo baada ya mwaka mmoja ili kukimbilia fedha. Huyu alikaa miaka minne, akatoka na elimu mkononi, ili kama mlango wa mpira utafungwa asibaki nje bila mlango mwingine.

Usiku wa majina 60

Kila mwaka mwezi wa Juni, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, hufanya uteuzi wa wachezaji wapya. Klabu 30 hupokezana zamu, na kwa duru mbili huitwa majina 60 mbele ya dunia nzima. Usiku wa tarehe 23 Juni 2016, VanVleet alikuwa kwao Rockford. Alikuwa amealika jamaa, marafiki na majirani waje wausubiri wito pamoja naye.

Duru ya kwanza ikapita. Katika duru ya pili klabu zikamtafuta kwa simu zikiwa na sharti: zingemteua iwapo angekubali kwenda ligi ya chini kwa malipo ya kiasi cha dola 20,000 kwa mwaka, kwa miaka 2. Kwa kijana aliyelelewa katika dhiki, na ukumbi umejaa watu wanaongoja kupiga makofi, jaribu hilo lilikuwa kubwa. Angepata jina lake kuitwa. Angeepuka aibu. Akakataa, kwa hoja iliyo rahisi kueleza na ngumu kutenda: kuitwa kwa masharti yale kungemfunga miaka miwili mahali ambapo hakuna aliyemhitaji, ilhali kutoitwa kungemwacha huru kuitafuta klabu itakayomruhusu kushindana.

Majina 60 yakamalizika na lake halimo. Akasimama mbele ya wageni wake, akachukua maikrofoni, akawaambia wasimhuzunikie. Ameamua kujitegemea mwenyewe, na atafika. Wangapi katika sisi wangeweza kusimama? Aghalabu mtu aliyekataliwa hutaka taa zizimwe na wageni waondoke.

Neno moja lenye hatari

Kauli aliyoishika tangu usiku ule, na ambayo baadaye aliichapisha kwenye fulana na kofia, ni neno la Kiingereza lenye maana ya “jiwekee dau mwenyewe”. Kwa kuwa gazeti hili husomwa majumbani, ni wajibu kulifafanua neno hilo, kwa sababu vijana wetu wanalichukua vibaya.

Hapa kwetu dau ni kubeti, na kubeti kumeingia katika kila simu. Kijana anakopa shilingi 100 kwa mama yake akisema ni nauli, naye anaiweka kwenye mechi ya timu ambazo hajapata kuziona isipokuwa kwenye kioo. Anaposhinda mara moja hutangaza mtaani. Anaposhindwa mara 20 hunyamaza. Ada ya shule imeliwa hivyo, na mtaji wa biashara ndogo ya mama umeliwa vilevile. Kijana wa aina hii akimsikia VanVleet akizungumza juu ya dau, hudhani wako pamoja.

Hawako pamoja hata kidogo. Mcheza kamari huweka mali yake juu ya miguu ya watu wengine, kisha hukaa kitako akingoja. VanVleet aliweka jasho lake juu ya kazi aliyoifanya kwa mikono yake kwa zaidi ya miaka 10. Aliikataa fedha ya hakika iliyo ndogo kwa sababu alijua amebeba nini, kama fundi wa milango anayekataa kuuza kwa bei ya kuni, kwa kuwa anajua mlango wake ameuchonga siku ngapi. Mwenye kamari akishindwa habaki na kitu. VanVleet hata angeshindwa angebaki na shahada, afya na adabu ya kazi. Hiyo ndiyo tofauti, na mzazi mwenye kijana nyumbani amweleze bila kuzungukazunguka.

Kiti cha 15

Klabu iliyompokea ni Toronto Raptors ya Kanada, na hapa kisa kinatugusa kwa karibu. Aliyekuwa mkuu wa klabu hiyo wakati ule ni Masai Ujiri, mtoto wa baba Mnigeria na mama Mkenya, daktari kutoka Machakos. Ujiri alizaliwa Uingereza akakulia Zaria, kaskazini mwa Nigeria. Naye hakuanza kwa kuitwa. Kazi yake ya mwanzo katika NBA ilikuwa ya kutafuta vipaji kwa ajili ya Orlando Magic bila mshahara, akilala kwa marafiki na kujilipia mwenyewe. Mwaka 2018 taasisi yake ya Giants of Africa ilikuwa Kogelo, kaunti ya Siaya, katika uzinduzi wa uwanja wa mpira wa kikapu uliohudhuriwa na Barack Obama. Mtu aliyepitia njia hiyo hana budi kuwa na jicho la kumtambua aliyerukwa na orodha.

Hata hivyo Ujiri na wenzake hawakumpa VanVleet zawadi. Walimpa nafasi ya kushindana. Klabu huwa na viti 15, na vilivyokuwa vimejaa ni 14. Vijana kadhaa wakaletwa kambini kuwania kile kimoja. VanVleet akakipata, kwa mkataba wa mshahara wa chini kabisa katika ligi, zaidi kidogo ya dola 540,000 kwa msimu. Kwetu ni mali nyingi. Katika ligi ile ni mahali pa mtu anayeweza kuondolewa asubuhi yoyote.

Msimu wa kwanza alicheza mechi 37 tu, akipata wastani wa chini ya pointi 3. Siku nyingine alipelekwa kwenye timu ya chini, Raptors 905, iliyo katika mji jirani wa Mississauga. Wachezaji wengi huenda kule wakinuna. Yeye na Pascal Siakam wa Kamerun walikwenda wakafanya kazi, na mwaka 2017 timu ile ikawa bingwa wa ligi ya chini. Msimu uliofuata alicheza mechi 76 za ligi kuu, na mwezi Julai 2018 akapewa mkataba mpya wa dola milioni 18 kwa miaka 2. Aliyeikataa dola 20,000 usiku ule alikuwa amesubiri miaka miwili tu.

Majira ya mwaka 2019

Mwezi Mei 2019 Raptors walikuwa wakipambana na Milwaukee Bucks kuwania tiketi ya fainali. VanVleet alikuwa katika hali mbaya. Mitupo yake haikuingia, na mashabiki walitaka akalishwe benchi. Tarehe 20 Mei mtoto wake wa kiume akazaliwa Rockford. Baba akasafiri kuwa pamoja na mama wa mtoto, akarudi Toronto akiwa hajalala vya kutosha, na siku ya pili yake akaingia uwanjani. Kuanzia mechi ile, katika mechi tatu mfululizo, alitupa mara 17 kutoka mstari wa pointi tatu, na mitupo 14 ikaingia. Katika mechi ya tano peke yake iliingia 7 kati ya 9.

Watu walisema mtoto amekuja na baraka zake. Mimi sitalipinga hilo, kwani hata kwetu mtoto huja na riziki yake. Lakini vilevile naona kwamba mtu aliyetoka kumpakata mwanawe mchanga hujua kuwa mchezo ni mchezo. Hofu humtoka, na hofu ikitoka mkono hutulia.

Katika fainali walikutana na Golden State Warriors, mabingwa watetezi. VanVleet alipewa kazi iliyowashinda wengi, kumfuata Stephen Curry kila aendako. Curry naye, tukumbuke, aliwahi kudharauliwa na vyuo vikubwa kwa udogo wa mwili wake. Mechi ya nne kiwiko cha mpinzani kilimpiga VanVleet usoni. Jino likavunjika kipande, akashonwa nyuzi 7 chini ya jicho. Akarudi kucheza mechi iliyofuata. Tarehe 13 Juni 2019, katika mechi ya sita, alifunga pointi 22, na 12 kati ya hizo zilikuwa za robo ya mwisho, wakati mpira ulikuwa mzito mikononi mwa kila mtu. Toronto ikashinda kwa 114 kwa 110, ikachukua ubingwa wake wa kwanza. Tuzo ya mchezaji bora wa fainali ilikwenda kwa Kawhi Leonard kwa kura 10 kati ya 11. Kura moja iliyobaki ilipigwa kwa VanVleet, yule ambaye miaka mitatu nyuma majina 60 yaliitwa na lake halikuwamo.

Yaliyofuata yanasimulika kwa ufupi. Mwaka 2020 alisaini mkataba wa dola milioni 85 kwa miaka 4. Tarehe 2 Februari 2021 alifunga pointi 54 katika mechi moja dhidi ya Orlando Magic, idadi ambayo hakuna mchezaji asiyeteuliwa aliyewahi kuifikia kabla yake. Mwaka 2022 akaitwa katika mechi ya nyota wa ligi. Mwaka 2023 akahamia Houston Rockets kwa mkataba wa miaka 3 wenye thamani ya karibu dola milioni 130. Rockets walikuwa wameshinda mechi 22 tu msimu uliotangulia. Pamoja naye walishinda 41, kisha 52. Mwaka 2025 wachezaji wenzake wakamchagua kuwa rais wa chama chao. Na mwaka huohuo, mwezi Septemba, kabla msimu haujaanza, kano ya goti lake ikakatika mazoezini, akawekwa nje ya uwanja. Hakuna ngazi isiyo na kipago kibovu.

Tahadhari kwa msomaji

Itakuwa si uaminifu kukuacha ukidhani kwamba kila aamkaye alfajiri atafika NBA. Wichita State VanVleet alicheza bega kwa bega na Ron Baker, kijana wa Kansas aliyedharauliwa vilevile, aliyefanya kazi vilevile, na ambaye naye hakuitwa usiku ule wa mwaka 2016. Baker aliingia New York Knicks, akacheza misimu michache, akapita Washington, akaenda Moscow, kisha akaiacha kazi ya mpira. Je, alishindwa? Hapana. Aliishi kwa jasho lake, akaiona dunia, akarejea kwao mtu mzima mwenye heshima. Ila hakuna anayemtengenezea filamu.

Nimemtaja makusudi. Tukiwasimulia watoto habari za waliofika kileleni peke yao, tutakuwa tunawauzia tiketi ya bahati nasibu kwa jina jingine. Jitihada ni ya mja. Kilele ni majaaliwa. Kijana aliyefundishwa kuamka, kumaliza alichoanza na kuvumilia kukataliwa atakuwa na faida popote, awe bandarini, dukani, darasani au kwenye mashua. Hiyo ndiyo sehemu ambayo mzazi anaweza kuidhamini.

Twachukua nini

Methali yetu husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika kisa hiki tumeona chema ambacho hakikujiuza kwa muda mrefu. Kilikaa sokoni, wanunuzi wakakipita, kwa kuwa walipima kwa kimo na kwa sifa zilizotangulia. Basi tusiwe wepesi wa kusema kwamba mwana asiyechaguliwa hana thamani. Mara nyingine kasoro iko katika mizani.

Ewe mama, jina la mwanao likikosekana, usimlinganishe na mtoto wa jirani siku hiyo. Mpe chakula, mwache alale, na asubuhi umuulize swali moja tu: tufanye nini leo? Naye binti asisahaulike, maana mara nyingi mwana wa kiume akikataliwa hutafutiwa njia ya pili, na binti akikataliwa huambiwa basi akae nyumbani. Njia ya pili ni haki ya wote wawili.

Nawe baba, na hasa wewe uliyeoa mama mwenye watoto, usikate tamaa kwa sababu leo hawakupendi. Wale wavulana wa Rockford walinung'unika miaka mingi gizani. Siku hizi, Fred VanVleet anapoulizwa uthabiti wake ameutoa wapi, humtaja yule polisi aliyewavalisha fulana za uzito, na humwita baba.